Kutoka Miwani hadi Leza: Tufundishe Mwanga kwa Kuanzia Machoni



Katika kila ukumbi wa mihadhara yuko mwanafunzi anayepiga picha ubao kwa simu, akaikuza picha ile kwa vidole viwili, kisha ndipo akanakili. Wenzake hudhani ni mvivu wa kuandika. Mara nyingi haoni ubao, basi. Ajabu ni kwamba huenda mwanafunzi huyo alipata alama nzuri za fizikia sekondari. Alichora lenzi kwa rula, akachora miali mitatu, akaonyesha taswira iliyopinduka, akatiwa vema. Hakuna aliyemwambia kwamba mchoro ule ulikuwa wa jicho lake mwenyewe.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2019 kuhusu uoni, lilisema watu wasiopungua bilioni 2.2 duniani wana upungufu wa kuona wa mbali au wa karibu, na kwamba kwa watu wasiopungua bilioni 1 kati yao tatizo lingeweza kuzuiwa au bado halijashughulikiwa. Sehemu kubwa ya hao haihitaji upasuaji wala dawa. Inahitaji miwani.

Makala haya ni somo. Nimewakusudia kwanza wale wanaosomea ualimu wa sayansi katika Chuo Kikuu cha Kiislamu hapa Mbale, watakaokwenda mazoezi ya kufundisha Budaka, Namutumba, Iganga au Sironko na kukuta maabara yenye kabati tupu. Lakini hata anayesoma sharia au biashara anaweza kufuatana nasi. Hesabu zake ni za kuzidisha na kugawanya. Dai langu ni moja: miwani ya mzee, leza ya daktari na mchoro wa lenzi ubaoni ni somo moja, na njia rahisi ya kulifundisha ni kuanzia jichoni.

Jina tunalo, njia je?

Tunapenda kumtaja Ibn al-Haytham. Katika kila wiki ya Kiislamu chuoni lazima atajwe, halafu tunapiga takbira na kwenda kula. Alizaliwa Basra karibu na mwaka 965, akafanya kazi Misri, na kati ya mwaka 1011 na 1021 hivi aliandika Kitab al-Manazir, kitabu cha elimu ya kuona kilichokuja kutafsiriwa kwa Kilatini na kusomwa Ulaya kwa karne nyingi. Kabla yake wakubwa kama Euclid na Ptolemy walishika kwamba jicho hutoa miali inayokwenda kugusa vitu. Yeye alisema mwanga ndio unaokuja jichoni, na miongoni mwa hoja zake ni hii: ukilitazama jua, jicho huumia. Kama jicho ndilo linalotoa, kwa nini liumizwe na kile kilicho mbali?

Lakini sifa yake kubwa kwangu si hoja hiyo. Ni kwamba alijaribu. Jaribio lake moja linafanyika usiku wowote bwenini umeme ukikatika. Panga mishumaa mitatu katika mstari, au simu tatu zenye tochi. Mbele yake simamisha kadibodi yenye tundu dogo, na nyuma ya kadibodi weka karatasi nyeupe. Utaona madoa matatu ya mwanga. Ziba mshumaa wa kulia: doa linalopotea ni la kushoto. Miali yote imepita katika tundu moja kwa wakati mmoja na haikuchanganyika, na kila mmoja umekwenda kwa mstari ulionyooka. Hapo umefundisha nusu ya sura ya kwanza ya mwanga bila kununua kitu.

Tuseme pia kwamba hakupatia yote. Alidhani lenzi ya ndani ya jicho ndiyo inayopokea taswira. Ni Johannes Kepler, mwaka 1604, aliyeonyesha kwamba taswira huangukia kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho, tena ikiwa imepinduka juu chini. Hilo halimpunguzii Ibn al-Haytham heshima hata kidogo. Mtu anayejaribu huacha kazi ambayo mwingine anaweza kuisahihisha.

Kasia lililovunjika Masese

Aliyewahi kusimama kwenye mwalo wa Masese, Jinja, ameona kasia la mtumbwi likionekana limevunjika pale linapogusa maji. Kasia ni zima. Mwanga ndio umepinda. Hewani mwanga unakwenda kwa kasi zaidi; majini unapunguza mwendo, na ukivuka mpaka huo kwa mshazari, hubadili mwelekeo. Kila kitu kinachopitisha mwanga kina namba inayosema mwanga umepungua kasi mara ngapi ndani yake: hewa ni karibu 1, maji 1.33, kioo cha kawaida karibu 1.5. Mpindo hutokana na tofauti ya namba hizo pale vitu viwili vinapokutana. Bila tofauti hakuna mpindo.

Kanuni ya hesabu ya mpindo huu shuleni tunaiita kanuni ya Snell, Mholanzi wa karne ya 17. Lakini Ibn Sahl wa Baghdad, katika andiko lake la karibu mwaka 984 kuhusu vioo na lenzi za kuunguzia, tayari alikuwa ameitumia kwa njia ya jiometri kubuni umbo la lenzi. Taja majina yote mawili darasani. Wanafunzi wana haki ya kuyajua.

Sasa tuingie jichoni. Sehemu ya mbele kabisa, ile ngozi angavu iliyofunika rangi ya jicho, huitwa konea. Namba yake ya kupinda ni 1.376, na uso wake wa mbele umetuna kama kipande cha mpira wenye nusu-kipenyo cha milimita 7.8. Nguvu ya uso uliotuna hupatikana kwa kuchukua tofauti ya namba mbili za kupinda na kuigawa kwa nusu-kipenyo katika mita. Tufanye: 1.376 toa 1 ni 0.376, gawa kwa 0.0078, unapata karibu 48. Uso wa nyuma wa konea hupunguza karibu 6, zikabaki 42 au 43. Kizio chake ni dayopta, tutakieleza punde. Jicho zima lina karibu dayopta 60. Kwa hiyo zaidi ya theluthi mbili ya kazi ya kupinda mwanga hufanywa na konea. Lenzi ya ndani, ambayo vitabu vyetu vya sekondari huipa sifa zote, ni msaidizi anayerekebisha.

Hesabu hiyo hiyo inajibu swali ambalo kila mtoto wa ziwani ameuliza: kwa nini ukifungua macho ndani ya maji kila kitu ni ukungu? Badala ya hewa, mbele ya konea sasa yako maji: 1.376 toa 1.333 ni 0.043; gawa kwa 0.0078, unapata 5.5 tu. Uso wa nyuma unaondoa karibu 6. Konea imefutika! Miwani ya kuogelea haina nguvu yoyote. Kazi yake ni kurudisha hewa mbele ya jicho. (Usiende kuhakikisha hili ziwani wala kwenye Nile. Kichocho kipo. Tumia bwawa la kuogelea, au niamini.)

Namba iliyoandikwa kwenye miwani

Karibu na Mnara wa Saa mjini Mbale, kama katika miji yetu yote, miwani ya kusomea inauzwa mezani, kila moja ina kibandiko: +1.00, +1.50, +2.00, +3.00. Mnunuzi hujaribu mpaka aone. Wachache sana wanajua kwamba namba ile ni fizikia tupu. Dayopta ni 1 gawa kwa umbali, katika mita, ambao lenzi hukusanya miali inayotoka mbali sana. Umbali huo ndio urefu wa fokasi. Lenzi ya +1 hukusanya kwenye mita 1, ya +2 kwenye nusu mita, ya +4 kwenye robo mita.

Usimwambie mwanafunzi aamini, mpe apime. Chumba chenye dirisha linaloelekea mlima Wanale kinatosha. Zima taa, simama upande wa pili wa chumba ukiwa na miwani ya +2 mkono mmoja na karatasi nyeupe mkono wa pili. Sogeza karatasi polepole nyuma ya lenzi. Karibu na sentimita 50, genge la Wanale linatokea kwenye karatasi, dogo, lenye rangi zake, juu chini. Darasa lililoona hilo halisahau. Pima kwa rula, gawa 1 kwa umbali ule, na linganisha na kibandiko. Ukikuta lenzi ya +2.00 inayosoma +2.4, umejifunza pia jambo kuhusu biashara.

Na miwani ya asiyeona mbali? Hiyo ina alama ya kutoa, kwa sababu ni nyembamba katikati na hutawanya miali badala ya kuikusanya. Haitoi taswira kwenye karatasi hata ukingoje mpaka Maghribi. Lakini dayopta zina tabia nzuri: lenzi mbili zikigusana, namba zao hujumlishwa. Bana lenzi ya +3 na ile usiyoijua. Kama taswira ya Wanale imetokea kwenye mita 1, jumla ni +1. Basi ile ngeni ni −2.

Hapa ndipo yule mwenzetu wa picha za simu anapopata jibu. Jicho lake mara nyingi ni refu kupita kiasi. Jicho la mtu mzima lina urefu wa karibu milimita 24, na likizidi kwa milimita 1 tu, taswira ya vitu vya mbali huangukia mbele ya retina kwa kosa la karibu dayopta 2.5 hadi 3. Ataona vizuri vitu vya karibu tu. Mwambie avue miwani kama anayo, afumbe jicho moja, asogeze mbali ukurasa wenye maandishi madogo mpaka yaanze kufifia. Tuseme yanafifia kwenye sentimita 40. Gawa 1 kwa 0.40: ni 2.5. Jicho hilo linahitaji lenzi ya karibu −2.5. Hiki si cheti cha daktari, kwa sababu mtu anaweza pia kuwa na konea iliyotuna zaidi upande mmoja kuliko mwingine, na hilo halionekani kwa rula. Lakini mwanafunzi aliyefanya hesabu hiyo kwa jicho lake mwenyewe hahitaji tena kuhubiriwa aende kupimwa.

Kasoro ya pili inawahusu wazee wetu. Lenzi ya ndani ya jicho la mtoto ni laini. Misuli ikijikaza, lenzi hulegezwa, ikatuna na kuongeza zaidi ya dayopta 10. Kadiri miaka inavyopita inakuwa ngumu. Kufikia miaka 40 hivi hubaki dayopta 4 au 5, na miaka ya 55 au 60 karibu 1. Kusoma msahafu ulioshikwa sentimita 40 kutoka usoni kunahitaji 2.5. Fanya hesabu uone kilichompata mzee ambaye zamani alikuwa hakosi kukaa na msahafu baada ya Alfajiri, na siku hizi anakaa akivuta uradi tu. Watu husema macho yake yamekufa. Pengine kinachokosekana ni +2 tu.

Leza: mwanga ulioshika safu

Mwanga wa balbu ni kama watu wanaotoka uwanjani baada ya swala ya Idi: kila mmoja na njia yake, na mwendo wake, na rangi ya kanzu yake. Leza ni safu za swala yenyewe. Mawimbi yake yana urefu mmoja, yanakwenda upande mmoja, na yanainuka na kushuka pamoja. Einstein alieleza mwaka 1917 jinsi hilo linavyowezekana: chembe ya mwanga, yaani fotoni, ikipita karibu na atomu iliyokwisha kushiba nishati inaweza kuishawishi itoe fotoni ya pili inayofanana nayo kwa kila kitu. Mbili zikawa nne, nne zikawa nane. Ukiweka vioo viwili kila upande ili mwanga uende na kurudi, zao hilo hukua. Theodore Maiman alifaulu kwa mara ya kwanza tarehe 16 Mei 1960, akitumia kito cha yakuti nyekundu. Mwezi Desemba mwaka huo huo, Ali Javan, mzaliwa wa Tehran aliyekuwa akifanya kazi Marekani, pamoja na wenzake waliwasha leza ya kwanza ya gesi, inayotoa mwanga bila kukatika.

Urefu wa wimbi ndio unaoamua leza itafanya nini mwilini, na hapa ndipo somo linaponoga. Nishati ya fotoni moja, kwa kizio cha elektrovolti, ni 1240 gawa kwa urefu wa wimbi katika nanomita. Leza nyekundu ya kuonyeshea ubaoni, ya nanomita 650, ina fotoni za 1.9. Kufungua kifungo kati ya atomu mbili za kaboni kunahitaji karibu 3.6. Kwa hiyo fotoni nyekundu haiwezi kukata kifungo hicho. Inaweza tu kupasha joto. Sasa chukua leza iitwayo eksima, ya nanomita 193, iliyo ndani ya urujuanimno, mwanga tusiouona. Gawa: 6.4. Fotoni moja inatosha kukata kifungo na ziada ikabaki. Kipande kidogo kabisa cha tishu huruka kama mvuke kabla joto halijasambaa kwa jirani.

Jambo hilo liligunduliwa katika maabara ya IBM, New York, mwishoni mwa mwaka 1981. Rangaswamy Srinivasan, mwanasayansi mzaliwa wa India, alileta kazini mabaki ya batamzinga wa sikukuu na kuyapiga kwa leza ya nanomita 193. Mkato ulikuwa safi, hakuna kuungua pembeni. Miaka miwili baadaye, mwaka 1983, daktari wa macho Stephen Trokel akishirikiana na watu wa IBM waliandika kuhusu kutumia leza hiyo kwenye konea. Mwaka 1989 Gholam Peyman, mzaliwa wa Iran, alipata hataza ya Marekani kwa njia ya kuinua kwanza kifuniko chembamba cha konea, kuchonga chini yake, kisha kukirudisha. Njia inayofanana na hiyo ndiyo inayojulikana leo kwa jina la LASIK.

Konea hunyonya wimbi la 193 papo hapo juu ya uso, halipiti ndani. Leza ya kijani ya nanomita 532 hupita konea na lenzi kana kwamba hazipo, ikanyonywa na damu na rangi iliyo nyuma ya jicho; ndiyo maana hutumika kutibu retina ya mgonjwa wa kisukari. Na leza ya nanomita 1064, kwa mipigo mifupi mno, hutoboa utando unaoweza kuota nyuma ya lenzi ya bandia baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho. Mtu akikuambia "nimepigwa leza jichoni" bado hujajua lolote mpaka uulize ni ya wimbi gani.

Kwa mwalimu asiye na vifaa: urefu wa wimbi unapimika kwa CD ya zamani. Mistari yake imeachana kwa mikromita 1.6. Toboa kadibodi, pitisha mwali wa leza nyekundu uipige CD wima kutoka umbali wa mita 1. Kwenye kadibodi yatatokea madoa mawili, moja kila upande wa tundu, kiasi cha sentimita 44 kutoka katikati. Tafuta pembe, zidisha sini yake kwa mikromita 1.6, na utapata namba iliyo karibu na 650.

Onyo moja, na silitoi kwa desturi. Jicho hukusanya mwali wa leza kuwa doa la mikromita 20 hivi kwenye retina. Hata miliwati 1 tu, ikibanwa hapo, huwa na ukali wa zaidi ya mara elfu tatu ya jua la mchana linavyopiga ngozi. Leza za kijani za bei rahisi zinaweza kuwa na nguvu kuliko kibandiko kinavyosema. Kuwamulikia watu usoni kwa mzaha, iwe bwenini au uwanja wa mpira, ni kucheza na kitu ambacho hakishonwi.

Kuchonga miwani juu ya jicho

Leza ya kurekebisha uoni haiponyi jicho refu. Jicho linabaki refu vile vile. Kinachofanyika ni kuchonga ile namba ya miwani juu ya konea yenyewe. Chukua mtu wa −3. Konea yake ina dayopta 43. Tunaitaka iwe 40, yaani iwe bapa kidogo zaidi. Kwa kipimo cha madaktari, nusu-kipenyo cha milimita ni 337.5 gawa kwa dayopta. Kwa 43 ni 7.85, kwa 40 ni 8.44. Tofauti ni kama 0.6 ya milimita katika mviringo, na miwani imeondoka.

Kiasi gani cha konea huondolewa? Makadirio yanayofundishwa ni haya: zidisha upana wa eneo linalochongwa, katika milimita, kwa upana huo huo, kisha kwa dayopta, halafu gawa kwa 3. Jibu ni mikromita. Eneo la milimita 6 kwa −3: 36 mara 3 gawa kwa 3 ni mikromita 36, karibu nusu ya unene wa unywele. Kila mpigo wa leza huondoa kiasi cha robo ya mikromita.

Hesabu hii inaeleza pia kwa nini daktari mwaminifu humkatalia mtu. Konea ya kawaida ina unene wa mikromita 540 hivi. Kifuniko kinachukua kama 110. Kwa mwenye −9 leza itakula 108. Hubaki 322, na mpaka wa chini unaotajwa sana ni 250. Kwa mpaka huo, inatosha. Lakini mwenye −9 na konea ya 460 atabakiwa na 242. Huyo asiguswe, hata akiwa na fedha zote. Na wale wenye mzio wa macho ambao tangu utotoni wanayasugua kwa ngumi wapimwe kwa uangalifu zaidi, maana kusugua huko kunahusishwa na ugonjwa wa konea kukonda na kuchongoka mbele, na konea ya namna hiyo haifai kuchongwa.

Wala leza haimrudishii mtu ulaini wa lenzi ya ndani. Aliyechongwa akiwa na miaka 25 atahitaji miwani ya kusomea akifika 45 hivi, kama wenzake. Matangazo hayapendi kulisema hilo.

Swali tunaloulizwa baada ya darsa

Je, huku si kubadili maumbile ya Mwenyezi Mungu? Wanazuoni wengi wa zama hizi wanaliweka jambo hili katika mlango wa matibabu: kuondoa kasoro inayomletea mtu taabu, kama miwani inavyoiondoa, maadamu wataalamu wameridhika kwamba madhara hayazidi manufaa. Hesabu ya unene tuliyoifanya juu, kwa maoni yangu, ni sehemu ya jibu hilo la kifiqhi. Asiyejua namba zake hawezi kusema amepima madhara.

Yako pia ya ibada. Baada ya upasuaji daktari huzuia maji yasiingie jichoni kwa siku kadhaa. Kuosha ndani ya jicho si wajibu katika udhu, lakini kope na pembezoni mwake ni uso. Sehemu isiyoweza kuoshwa ina hukumu zake za tayamamu, na ni vyema kumwuliza sheikh kabla ya siku ya upasuaji kuliko baada yake. Matone ya jicho katika madhhabi ya Shafii hayafunguzi saumu. Anayevaa lenzi za kuweka jichoni udhu wake unasihi nazo. Ila asizisafishe kwa maji ya bomba, maana yanaweza kubeba vijidudu vinavyoila konea.

Kazi ya likizo

Anayetoka Mbale kwenda Jinja kwa barabara ya Tirinyi anapita Budaka, Namutumba na Iganga, na katika kila kituo wapo wanafunzi wetu wanaoshuka. Likizo hii mkishuka, nendeni na miwani minne: +1, +1.5, +2 na +3. Pimeni kwanza kila moja kwa karatasi na mti ulio mbali. Kisha kaeni na wazee baada ya swala, msahafu ukiwa sentimita 40, mwanga wa kutosha ukitokea nyuma ya bega la msomaji. Anzeni na namba ndogo. Simameni kwenye ya kwanza inayomwezesha kusoma bila kukunja uso. Asiongezewe zaidi ya hapo, kwa sababu kila nyongeza humlazimu kusogeza kitabu karibu zaidi.

Jaribuni jicho moja moja, lingine likiwa limefunikwa kwa kiganja bila kukandamizwa. Mzee ambaye hakuna namba inayomsaidia, au jicho lake moja limeachwa nyuma sana na la pili, au lina weupe katikati ya mboni, au linauma, au anaona katikati tu na pembeni hakuna, huyo si wa miwani ya mezani. Anaweza kuwa na mtoto wa jicho, au presha ya jicho ambayo huiba uoni bila maumivu. Apelekwe kwenye kliniki ya macho ya hospitali ya rufaa, Jinja au Mbale. Jinja ndipo maafisa tabibu wa macho wanapofundishwa, na Tororo ipo hospitali ya macho ya Benedictine kwa walio upande ule. Mwandikieni kwenye karatasi umbali aliosomea na namba mlizojaribu, aende nayo.